Maumivu ya Chini ya Kitovu Yasiyoisha: Utafiti Unasema Nini?

Hati ya kipindi cha afya. Mtangazaji mmoja. Muda: dakika 16.
Kwa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya mjadala yako mwisho wa hati.

[Muziki, sekunde 10, kisha unashuka taratibu]

Kama uko Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Mahama au kambi nyingine yoyote ambako sauti hii inafika, karibu sana. Baba zetu, tafadhali msiondoke. Mada ya leo ni ya akina mama lakini inawahusu hata ninyi.

Naomba jambo moja kabla sijaanza. Leo tutataja mambo ya ndani ya nyumba. Kama kuna watoto wadogo karibu na redio, watume kidogo wakacheze. Kama unasikiliza katika kikundi chenye wanaume na wanawake na unaona aibu, kaa tu usikilize, hakuna atakayekulazimisha kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya leo kwa kawaida hayaui, lakini ukiyaficha yanakula maisha yako polepole.

[Muziki mfupi]

Tuzungumzie maumivu ya chini ya kitovu. Wengine huyaita tumbo la chini, wengine huyaita kiuno, wengine husema ni chango. Leo sisemi juu ya maumivu yanayokuja siku mbili za hedhi na kuondoka. Nasema juu ya yale yanayokaa miezi sita au zaidi, yanayoenda na kurudi, au yasiyoenda kabisa.

Tuseme kuna mama wa miaka thelathini na kitu, amezaa watoto wanne. Asubuhi anaamka vizuri. Anakwenda bombani, anapanga foleni na madumu yake. Jua likipanda anaanza kuhisi uzito chini, kama kitu kinamvuta kwenda ardhini. Siku ya mgao akisimama saa nne au tano, jioni hawezi kunyooka. Akilala chali akaweka miguu juu ya mto au kanga iliyokunjwa, anapata nafuu. Siku zinazotangulia hedhi ni mbaya zaidi. Na baada ya tendo la ndoa, maumivu yanabaki kwa saa nyingi, hata mpaka kesho yake.

Mama huyu amekwenda kituo cha afya mara tatu. Mara ya kwanza alipewa dawa ya maambukizi ya mkojo. Mara ya pili alipewa dawa za maambukizi ya njia ya uzazi, yeye na mume wake. Mara ya tatu vipimo vyote vilikuwa safi, akaambiwa, "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu." Nyumbani mume anauliza kwa nini anamkwepa usiku. Jirani anasema amerogwa. Mama mwenyewe anaanza kujiuliza kama kweli ni kichwa chake.

Msikilizaji, kama unamjua mama wa namna hii, au kama ni wewe, maongezi haya ni yako. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusoma, kuuliza na kukuletea. Na nilichosoma ni kwamba maumivu ya aina hii yana maelezo, na kuna watafiti walioyafuatilia kwa miaka mingi.

[Muziki mfupi]

Kwanza tuelewe mwili. Moyo unasukuma damu kwenda mwilini kote. Damu hiyo lazima irudi. Mishipa inayoirudisha inaitwa vena. Ukisimama, damu iliyo miguuni na kwenye nyonga inapaswa kupanda juu, kama maji yanayopandishwa kwenye tangi la kambi yetu. Ili isiteremke tena, ndani ya vena nyingi kuna vilango vidogo, yaani vali. Damu ikipita, kilango kinajifunga nyuma yake.

Sasa fikiria vilango hivyo vimelegea. Damu inapanda kidogo halafu inashuka. Inajaa chini. Mishipa inapanuka na kujikunja kama ile tunayoiona kwenye miguu ya wazee wetu. Tofauti ni kwamba hii iko ndani ya nyonga, karibu na mji wa mimba na mifuko ya mayai, kwa hiyo huioni. Ni kama siku ya mgao watu wanapoingia kwa wingi na mlango wa kutokea umezibwa: wanabanana, na kila anayebanwa analia. Ndiyo maana madaktari waliuita ugonjwa huu msongamano wa damu kwenye nyonga.

Kwa nini huwapata zaidi waliozaa mara kadhaa? Wakati wa ujauzito damu mwilini huongezeka na mishipa ya nyonga hupanuka sana ili kumhudumia mtoto. Baada ya kujifungua, kwa baadhi ya akina mama, mishipa hairudi sawasawa na vilango havifungi tena. Homoni ya kike inayoitwa estrojeni nayo husaidia kuilegeza mishipa. Ndiyo sababu maumivu haya huwapata wanawake walio bado katika umri wa kuzaa, na mara nyingi hupungua baada ya hedhi kukoma kabisa.

Upande wa kushoto huathirika zaidi. Mshipa unaotoka kwenye mfuko wa mayai wa kushoto humwaga damu yake kwenye mshipa wa figo, tena kwa kona kali. Wa kulia humwaga moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa tumboni. Njia ya kushoto ni ndefu na ngumu zaidi.

[Muziki mfupi]

Sasa twende kwenye utafiti. Nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu hapa utajifunza pia namna ya kupima habari yoyote ya dawa unayoisikia sokoni.

Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Howard Taylor, aliandika mfululizo wa makala akiyahusisha maumivu ya nyonga na damu iliyojaa kwenye mishipa. Lakini yeye aliona pia kwamba huzuni na wasiwasi vina sehemu kubwa katika ugonjwa huo. Hakuwa amekosea kusema akili na mwili vinagusana. Lakini kwa miaka mingi baadaye, wanawake wengi waliishia kusikia sehemu ile moja tu: ni mawazo.

Mwaka 1984, jijini London, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Profesa Richard Beard kilifanya jambo la wazi. Walichukua wanawake wenye maumivu ya muda mrefu ambao tumbo lao lilikaguliwa kwa kamera ndogo na hakikuonekana kitu. Wakaingiza dawa ya rangi kwenye mishipa ya nyonga na kupiga picha za eksirei. Walichokiona ni mishipa iliyopanuka, na ile rangi ilichelewa kuondoka. Damu ilikuwa imetuama. Wanawake waliokuwa wameambiwa hawana kitu walikuwa na kitu, na kikaonekana kwenye picha.

Miaka minne baadaye, mwaka 1988, kikundi hicho kilijiuliza: je, mtu anaweza kuutambua ugonjwa huu bila picha? Wakalinganisha wanawake wenye msongamano na wale wenye maumivu ya sababu nyingine. Wakaona dalili mbili zikiwa pamoja zinasema mengi. Ya kwanza ni maumivu yanayobaki baada ya tendo la ndoa. Ya pili ni maumivu mganga anapobonyeza tumboni sehemu ya mfuko wa mayai. Kati ya wanawake 100 wenye msongamano, dalili hizo mbili ziliwanasa 94. Lakini kati ya wanawake 100 wenye maumivu ya sababu nyingine, ziliwanasa kimakosa 23.

Unaona maana yake? Dalili ni msaada mkubwa kwa mganga asiye na mashine, lakini si hukumu. Na kitu muhimu zaidi kwako: ile dalili ya kwanza haionekani kwa darubini wala kwa kipimo cha mkojo. Ni wewe tu unayeijua. Usipoisema, mganga hataijua.

[Muziki mfupi]

Na matibabu je? Mwaka 1989 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 84. Waliwagawa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Wengine walipewa vidonge vya homoni iitwayo medroksiprojesteroni kila siku, kwa miezi minne. Wengine walipewa vidonge bandia vinavyofanana kwa sura, lakini havina dawa ndani. Na katika kila upande, baadhi walipata pia mazungumzo ya ushauri nasaha.

Matokeo: kati ya waliopewa dawa, asilimia 73 walisema maumivu yamepungua kwa nusu au zaidi. Kati ya waliopewa vidonge bandia, asilimia 33 walisema hivyohivyo.

Tusimame hapa kidogo. Mtu mmoja kati ya watatu alipata nafuu kubwa kwa kidonge kisicho na kitu! Hiyo haina maana kwamba walidanganya. Maumivu hupanda na kushuka yenyewe, na mtu akihudumiwa vizuri na kusikilizwa mwili wake hulegea. Ndiyo maana jaribio zuri lazima liwe na kundi la kulinganisha. Siku mtu akikuambia sokoni, "Dawa yangu imewaponya wengi," muulize moyoni mwako: wangapi wangepata nafuu bila dawa yako? Na dawa ile ya London, ilipoachwa, nafuu yake peke yake haikudumu.

Hapa nazuia jambo moja mapema. Baadhi yenu mtatambua jina la homoni ile. Ndiyo iliyo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ile mnayoiita Depo. Usitoke hapa ukaenda kuomba sindano ili kutibu nyonga. Jaribio lilitumia vidonge, kwa kipimo kikubwa, kila siku, chini ya uangalizi. Sindano ni njia nyingine na kipimo kingine. Kama tayari unaitumia kwa uzazi wa mpango, endelea kama ulivyoshauriwa, na maswali yako mpelekee muuguzi.

Njia nyingine ilianza kuandikwa mwaka 1993. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingoni au wa kinena, anaufikisha kwenye mshipa ulioharibika, kisha anauziba kwa vikoili vidogo vya chuma. Damu inatafuta njia nyingine yenye vilango vizima. Mwaka 2006 madaktari wa Johns Hopkins huko Marekani walitoa taarifa ya wanawake waliotibiwa hivyo. Kati ya 97 waliofuatiliwa kwa muda mrefu, asilimia 83 walipata nafuu. Ni habari njema. Lakini wewe sasa ni msikilizaji mwerevu, utaniuliza: kundi la kulinganisha lilikuwa wapi? Halikuwepo. Kwa hiyo tunasema njia hii inaleta matumaini, ila ushahidi wake si mzito kama tungependa. Tena inahitaji hospitali kubwa yenye mashine na wataalamu maalumu. Haifanyiki kwenye kituo cha afya cha kambi, na sitaki kukupa matumaini ya uongo.

Kuna fundisho jingine. Mwaka 2002 watafiti walichapisha uchunguzi wa wanawake wenye afya waliojitolea kutoa figo. Karibu mmoja kati ya kila 10 alikutwa na mishipa iliyopanuka ya mifuko ya mayai. Walipoulizwa, zaidi ya nusu ya waliojibu walikuwa na maumivu, lakini wengine hawakuhisi kitu. Kwa hiyo hata altrasaundi ikionyesha mishipa mipana, daktari bado anapaswa kujiuliza kama ndiyo kweli inayouma. Na mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza jina la zamani liachwe na tuseme matatizo ya vena za nyonga, kwa sababu ndani ya jina moja kulikuwa na matatizo ya aina kadhaa.

[Muziki mfupi]

Basi ufanye nini, mama yangu, hapo ulipo?

Kwanza, usijipe jina la ugonjwa kwa sababu umenisikia. Maumivu ya chini ya kitovu yana sababu nyingi: maambukizi ya njia ya uzazi, maambukizi ya mkojo, uvimbe kwenye kizazi, na kichocho cha mkojo, ambacho kinaweza kushambulia pia sehemu za uzazi za mwanamke. Hayo lazima yaangaliwe kwanza, kwa sababu mengine yana dawa palepale kambini.

Pili, kuna dalili ambazo hazisubiri. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama maumivu ni makali na yamekuja ghafla. Kama umekosa hedhi halafu tumbo linauma upande mmoja au unahisi kuzimia. Kama una homa pamoja na uchafu wenye harufu. Na usikae nyumbani ukizoea kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au damu kurudi baada ya hedhi kukoma, au kupungua uzito bila sababu. Kama maumivu yameanza baada ya kushambuliwa au kulazimishwa, nenda mapema iwezekanavyo. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Hata kama saa hizo zimepita, au miaka imepita, bado nenda. Msaada upo, na kosa si lako.

Tatu, weka kumbukumbu ya mwezi mmoja. Kama huandiki, tumia punje za mahindi kwenye kopo au mchoro wa mkaa ukutani. Siku ya maumivu, weka alama. Kumbuka mambo manne: yanauma saa ngapi, ulikuwa umesimama au umebeba, hedhi iko karibu au mbali, na yanakuwaje baada ya tendo la ndoa. Ukifika kwa mganga, usiseme "tumbo linauma" peke yake. Sema: "Yana miezi minane. Jioni yanazidi. Nikilala yanapungua. Baada ya tendo la ndoa yanabaki mpaka asubuhi. Nimezaa mara nne." Sema pia kama una mishipa iliyovimba kwenye mapaja, makalio au sehemu za siri. Dakika moja tu, lakini umempa mganga njia. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, omba. Si ufidhuli.

Nne, uliza. "Mmeona sababu gani? Mmeondoa sababu gani? Je, kuna altrasaundi hapa au nahitaji rufaa?" Rufaa inaweza kuchelewa, sote tunajua foleni yake. Lakini jina lako likiandikwa na historia yako ikiwa imeelezwa vizuri kwenye karatasi, hata mganga mpya akija hutaanza upya.

Tano, jihadhari na watu wa kusafisha kizazi, wa kujifukiza, wa kuweka majani ndani. Yanaweza kuunguza na kuleta maambukizi, na hayagusi vilango vya vena.

Baba zetu, nimesema msiondoke. Mke wako akikuambia anaumia baada ya tendo la ndoa, hakukatai wewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua dumu. Simama wewe kwenye foleni ya mgao zile siku zake mbaya. Fuatana naye kliniki ikiwa anataka. Hiyo si kazi ya kumshusha mwanaume, ni kazi ya nyumba.

[Muziki mfupi]

Jambo la mwisho. Tafiti nilizotaja zilifanyika mbali na sisi. Siku moja huenda watafiti wakaja kambini kuuliza kuhusu afya ya wanawake. Itakuwa vizuri, kwa sababu mwili wa mama anayebeba maji na kusimama foleni nao unastahili kuchunguzwa. Lakini ujue haki yako. Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia wana Azimio la Helsinki linalolinda watu wanaoshiriki katika utafiti. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa: wanatafuta nini, watafanya nini kwenye mwili wako, kuna hatari gani, na majina yatafichwaje. Lazima wawe na kibali cha kamati ya maadili. Unaweza kusema ndiyo, unaweza kusema hapana, unaweza kuanza na kuacha katikati. Ukikataa, matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Mgao wako wala kesi yako ya kuhamia nchi ya tatu havipaswi kuingizwa humo. Mtu akikuambia kubali ili jina lako litoke, huyo hafanyi utafiti wa haki. Mripoti.

Kwa ufupi: maumivu ya miezi sita si tabia ya mwanamke, ni dalili. Kuna nyakati mishipa ya ndani ndiyo inayolemewa. Picha zilionyesha hivyo mwaka 1984. Tiba zipo ingawa si zote zinatufikia, na ushahidi bado unakusanywa. Kitu kilicho mikononi mwako leo ni maelezo yako. Yapeleke.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika zoni yenu, mwanamke mwenye maumivu ya muda mrefu huambiwa nini na majirani? Maneno hayo yanamsaidia au yanamzuia kwenda kliniki?
2. Kwa nini watafiti waliwapa baadhi ya wanawake vidonge bandia? Mngemwelezaje jirani ambaye hakusikiliza?
3. Mnawezaje kugawana kazi ya maji na foleni ili mama mgonjwa apumzike?
4. Mtafiti akija mlangoni kwako, utamuuliza maswali gani matatu kabla ya kukubali?

Mimi ni mtangazaji wenu. Mama uliyesikiliza kimya leo, kesho kliniki inafunguliwa. Kwaherini, mbaki salama.

[Muziki unapanda, kisha mwisho]